Makaburi ya Mashambani Malindi: Namna ya Kuyatafuta, Kuyapima na Kuyalinda Bila Kufukua

Malindi iliyofufuka kuanzia 1861, enzi za Sultani Majid wa Unguja, ilisimama juu ya mtama, ufuta na mahindi. Nafaka hiyo ililimwa na watu walioletwa kwa nguvu, wengi wao kutoka pande za Ziwa Nyasa, na utumwa haukufutwa kisheria katika pwani ya Kenya hadi 1907. Waliofia mashambani walizikwa huko huko, pembezoni mwa mashamba, mjini na Mambrui ng'ambo ya Sabaki. Wenye mali walijengewa makaburi ya mawe na chokaa. Hawa wengine waliwekewa jiwe la matumbawe kichwani na jingine miguuni, au kijiti, au hawakuwekewa kitu. Leo mashamba hayo yanakatwa ploti, na kaburi lisilokuwamo katika ramani yoyote halina wa kulitetea siku tingatinga linapofika.

Mwongozo huu ni wa vikundi vya wenyeji, walimu, wanafunzi na watafiti wanaotaka kuyatambua makaburi hayo na kuyaandika. Kazi yote inafanyika juu ya ardhi. Ramani nzuri, iliyokubaliwa na wenyeji na kufikishwa ofisi ya ardhi, hulinda marehemu kuliko shimo lolote la uchimbaji, tena haimvunjii mtu heshima. Wenzetu wa Lamu wanaweza kuufuata mwongozo huu kwa mashamba ya zamani ya bara, upande wa Mkunumbi na Hindi. Tofauti ni chache.

Anzeni na watu, kisha karatasi

Kabla ya kununua tepe, jueni nani ana neno juu ya eneo hilo. Kwa kawaida ni watano au sita: mwenye hatimiliki, anayeishi na kulima pale (mara nyingi si mtu mmoja na mwenye hati), imamu wa msikiti wa karibu, wazee wa Kigiriama kama kuna boma zao jirani, mzee wa kijiji, na chifu. Mwendeeni kila mmoja kwake, peke yake, kabla ya kikao cha pamoja. Mkianza na baraza la chifu, watu watadhani mnatafuta ardhi, na hawatakuwa wajinga kudhani hivyo: pande hizi familia nyingi zimeishi vizazi vitatu au vinne juu ya ardhi yenye hati ya mtu mwingine. Semeni wazi mapema kwamba ramani itaonyesha makaburi tu, haitaonyesha nyumba wala mipaka ya wakulima, na shikeni neno hilo hadi mwisho.

Undeni kamati ya watu saba au tisa, wakiwemo wanawake. Kamati ndiyo inayoamua nani anaingia, nini kinapigwa picha, nini kinatangazwa, na kama itasomwa dua au kufanywa tambiko kwa koma (roho za wahenga) kabla ya kazi. Muulizeni imamu pia kuhusu wanawake kuingia makaburini. Msikiti mmoja utaruhusu na mwingine hautaruhusu, na ni afadhali kulijua hilo kabla ya kuwapanga wapimaji.

Karatasi zenyewe ni hizi. Mtafiti anahitaji leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Makumbusho ya Taifa ya Kenya iarifiwe kwa barua kupitia ofisi yake ya Malindi, hata kama hamchimbi. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 inataka aliyegundua mahali au kitu cha kale atoe taarifa kwa Makumbusho ndani ya siku 7, akieleza ni wapi na kilionekanaje. Kuchimba kunahitaji leseni yake mbali chini ya sheria hiyo hiyo, na kufukua maiti kunaingia pia kwenye sheria ya afya ya umma. Mwenye shamba atie sahihi ruhusa yenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Droni inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na chini ya mikorosho na miembe haioni kitu, kwa hiyo fikirieni kama inafaa usumbufu wake.

Kutafuta kwenye kumbukumbu

Baada ya sheria ya hati za ardhi ya 1908, wenye mashamba walipeleka madai yao serikalini, na rejista na ramani zilizotokana na kazi hiyo ndizo mzizi wa hatimiliki nyingi za leo. Tafuteni namba ya ploti, kisha rudini nyuma hati kwa hati hadi ya kwanza. Angalieni kama kuna kipande kilichotengwa kwa msikiti, wakfu au makaburi. Kikiwepo, nusu ya kazi imekwisha, maana kina namba na mipaka. Kumbukumbu za wilaya ziko katika Nyaraka za Taifa, Nairobi. Za wakfu ziko kwa Makamishna wa Wakfu, Mombasa. Msisahau misheni. Baadhi ya watoro wa mashamba ya Malindi na Takaungu walikimbilia Rabai, wengine wakajenga makazi yao wenyewe kama Fuladoyo, na misheni ya Jilore ilianzishwa 1890. Rejista za ubatizo na mazishi hutaja umri na, mara nyingine, kabila la mtu, mambo ambayo jiwe la shambani halisemi kamwe.

Picha za zamani za angani na ramani za 1:50,000 hupatikana Survey of Kenya, Ruaraka. Hapa kuna mtego unaowanasa wengi: ramani hizo za zamani zimechorwa kwa mfumo wa kupimia mahali uitwao Arc 1960, na simu yako inasoma mfumo mwingine, WGS84. Ukichukua namba moja na kuiweka kwenye mfumo mwingine bila kuibadilisha, unasogea takriban mita 300 kaskazini au kusini, na utayatafuta maziara katika shamba la jirani siku nzima. Amueni mwanzoni kwamba kila namba itaandikwa kwa WGS84, gridi ya mita ya UTM, kanda ya 37 Kusini, na liandikeni hilo juu ya kila fomu.

Kuzungumza na wazee

Nendeni wawili: mmoja anauliza, mmoja anashughulikia kinasa sauti na daftari. Vinasa viwe viwili, maana simu hujaa au hupigiwa katikati ya jina muhimu. Dakika 45 hadi 60 zinatosha kwa kikao kimoja. Mzee akichoka huanza kukubali chochote anachoulizwa. Ombeni idhini mwanzoni na isikike kwenye rekodi: jina litajwe au lisitajwe, sauti ihifadhiwe wapi, nani asikilize. Sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inawahusu hata nyinyi. Nauli na chakula ni haki ya mzee. Pesa ya kununua habari huzaa habari.

Msimuulize mtu kama babu zake walikuwa watumwa. Kumwita mtu mzalia (mzaliwa wa watumwa) au mtumwa ni tusi hadi leo, na familia nyingi zimejenga heshima yao kwa kulizika neno hilo. Ulizeni: "Shamba hili lilikuwa la nani? Nani walilima? Walioishi hapa walikufa wakazikwa wapi? Mlipokuwa watoto, mlikatazwa kupita wapi, kulisha mbuzi wapi, kuchuma matunda ya mti gani?" Katazo la utotoni ni ushahidi mzuri kuliko kumbukumbu ya mazishi, kwa sababu watoto wote wa kijiji walilisikia na mnaweza kuwauliza watano mbalimbali.

Kwa tarehe, tumieni matukio. Je, kaburi lilikuwapo kabla ya Uhuru wa 1963? Je, bibi alisema lilikuwapo alipokuwa msichana, na alizaliwa kabla au baada ya vita vya Mekatilili wa Menza vya 1913 na 1914? Andikeni jibu kama lilivyosemwa, na hesabu ya miaka iwekwe safu ya pembeni ikiwa na jina la aliyeipiga.

Kisha mwende naye shambani. Maneno ya kibarazani na maneno ya mtu aliyesimama chini ya mkwaju huo huo hayafanani. Mpeni muda atembee mbele, nyinyi nyuma, kinasa kikiwa wazi, na kila anapoonyesha kwa mkono chukueni namba ya GPS na picha ya upande anaoelekea.

Kulisoma eneo kwa macho

Nendeni kati ya Januari na Machi, kaskazi ikivuma na majani yakiwa mafupi. Wakati wa masika msitu unafunika kila kitu. Muda mzuri wa siku ni saa moja hadi saa mbili na nusu asubuhi, na tena kuanzia saa kumi jioni, jua likiwa chini: hapo shimo la sentimita tano linatoa kivuli. Saa sita mchana ardhi yote huonekana tambarare.

Pangeni watu watano kwa mstari, mita 2 kati ya mtu na mtu, mwende taratibu upande mmoja na kurudi. Kila mmoja abebe vijiti vyenye kitambaa na achomeke pembeni ya anachokiona, kamwe asichomeke katikati. Hakuna kuokota.

Kinachotafutwa hasa ni bonde dogo lenye umbo la yai au mstatili, urefu wa mita 1.5 hadi 2.2, upana wa sentimita 50 hadi 90, kina cha sentimita 5 hadi 30. Sababu ya bonde hilo iko katika mazishi yenyewe. Maiti hulazwa kwenye mwanandani, yaani shimo dogo ndani ya kaburi, na kufunikwa kiunza cha ubao. Ubao ukioza, udongo wa juu huporomoka kujaza nafasi, na uso wa ardhi hushuka. Ndani ya bonde majani makavu hukusanyika na unyevu hukaa, hivyo baada ya mvua za kwanza nyasi za pale huchipua mapema na kuwa za kijani zaidi. Tuta lililoinuka, kinyume chake, mara nyingi ni kaburi la karibuni ambalo halijashuka. Bonde la chini ya mita 1.2 huenda ni la mtoto, lakini msiandike "mtoto" kwa kipimo hicho pekee, kwa maana upande mmoja wa bonde unaweza kuwa umefukiwa na mchanga.

Upimeni mwelekeo wake kwa dira, na panga ikae mbali. Malindi iko karibu kusini kamili ya Makka, kwa hiyo kibla ni kaskazini, na Mwislamu aliyelazwa kwa ubavu wa kulia huwa kichwa mashariki, miguu magharibi, uso kaskazini. Mkristo kwa desturi ya zamani hulazwa kichwa magharibi ili uso uelekee mashariki. Maana yake ni kwamba makaburi ya dini zote mbili huonekana juu ya ardhi yakilala mashariki hadi magharibi, na anayedai kuitambua dini kwa mwelekeo wa bonde peke yake katika pwani hii anakisia. Mkengeuko wa digrii 10 hadi 20 si ajabu: mchimbaji alijielekeza kwa jua, na jua la Juni halichomozi pale linapochomoza Desemba. Walioletwa kutoka bara hawakusilimu wote, na baadhi huenda walizikwa kwa mila za kwao, basi bonde lililolala kaskazini hadi kusini lisifutwe kwenye orodha kwa kuwa halifuati safu.

Vitu vinavyodanganya ni vingi. Mashimo ya minazi iliyokufa ni ya duara na hukaa kwa mistari yenye umbali sawa. Pimeni umbali huo, ukijirudia mita 8 au 9 kila mara, mko kwenye shamba la minazi. Mti ulioanguka na mizizi huacha shimo lenye tuta upande mmoja tu. Tanuu la chokaa huacha majivu na matumbawe yaliyoungua. Machimbo ya mawe yana kingo kali. Kichuguu kilichobomoka hufanana sana na kaburi kwa mbali, ila udongo wake ni mgumu, wa chembe ndogo, kama uliokandwa.

Kisha kuna makaburi juu ya makaburi. Wagiriama walivuka Sabaki kwa wingi kuanzia miaka ya 1890 na wengi wakalima ardhi iliyoachwa na mashamba makubwa, hivyo eneo moja linaweza kuwa na wafu wa shambani wa karne ya 19 na wazee wa boma wa karne ya 20. Mkikuta kigango au koma, nguzo za mbao za kuwakumbuka wafu, simameni hapo, mwiteni mwenye boma. Kigango hakiguswi, hakinyooshwi hata kikiwa kimelala, na mahali pake hapaandikwi kwenye nakala yoyote itakayotoka nje ya kijiji: vigango vimeibwa mno na kuuzwa ng'ambo, na hadi miaka ya karibuni makumbusho za Marekani zimekuwa zikivirudisha.

Kusafisha na kupima

Vifaa si ghali: tepe mbili za mita 30, tepe mbili za mita 5, kamba ya nailoni mita 200, vigingi 40 vya mbao, dira, timazi, penseli ngumu, karatasi ya miraba, ubao mdogo wa kuandikia namba, kijiti cha kipimo chenye alama za sentimita 10, na fomu za kutosha. Vigingi visiwe vya chuma, kwa sababu ya dira na kwa sababu ya wezi wa vyuma vikuukuu.

Majani yakatwe kwa panga sentimita tano juu ya ardhi. Msing'oe. Mzizi ukitoka hutoka na udongo, na kwenye kaburi lisilo na kina hutoka na zaidi ya udongo. Reki ya chuma iachwe nyumbani. Fagio la makuti linatosha. Na msichome moto kamwe, hata mwenye shamba akisema ndivyo afanyavyo kila mwaka. Moto hupasua mawe ya matumbawe, huunguza vijiti vilivyokuwa alama pekee, na kuiacha ardhi tupu isombwe na mvua ya kwanza.

Pigeni mstari wa msingi kupita nje ya makaburi, si katikati. Kwa pembe mraba tumieni mita 3, 4 na 5. Kwa eneo kubwa 6, 8 na 10. Gawanyeni eneo kwa miraba ya mita 10, kisha pimeni ulalo wa kila mraba: unatakiwa uwe mita 14.14. Ukitofautiana kwa zaidi ya sentimita 5, rudieni sasa hivi, kwa kuwa kosa la kigingi cha kwanza hukua kila mraba unaofuata. Tepe ndefu ikipigwa na upepo hupinda na kuongeza urefu, kwa hiyo pimeni ikiwa chini na imevutwa, si hewani.

Kila kaburi hupimwa kutoka vigingi viwili, ncha ya kichwa na ncha ya miguu. GPS ya simu ni ya kuonyesha eneo lote liko wapi. Hukosea mita 3 hadi 5 mahali pa wazi na zaidi chini ya miti, na makaburi mawili ya jirani huachana kwa mita moja tu. Mchoro wa eneo zima uwe 1:100, na wa kaburi lenye alama za mawe 1:20.

Fomu ya kila kaburi ibebe namba yake, urefu, upana, kina cha bonde, mwelekeo, aina ya alama na urefu wake, vilivyo juu yake, mti wa karibu, hali yake, na daraja la uhakika. Sisi tunapendekeza madaraja matatu: A ikiwa kuna alama ya mawe au mtu anayelijua, B ikiwa bonde, mwelekeo na safu vinakubaliana, C ikiwa ni dhana. Kwenye ripoti, idadi ya A, B na C isijumlishwe kuwa namba moja, maana hiyo namba moja ndiyo wakili wa mwekezaji ataivunja kwanza. Msipange zaidi ya makaburi 15 kwa siku. Uchovu wa mchana ndio unaozaa namba zilizorudiwa.

Vipande vya sahani, simbi na chupa vilivyo juu ya kaburi vipigwe picha mahali vilipo na viachwe. Vinasema mengi bila kuhamishwa. Mshono wa chupa ukipanda hadi kwenye mdomo, chupa ni ya mashine, ya karne ya 20. Ukikoma shingoni, huenda ni ya zamani zaidi. Alama ya saruji ni ya baadaye kuliko ya chokaa. Lakini chupa inaweza kuwekwa juu ya kaburi miaka 50 baada ya mazishi, kwa hiyo inaonyesha mara ya mwisho mtu alipolizuru, si lazima siku ya kuzikwa.

Rada ya ardhini husaidia pale ambapo juu hapaonekani kitu, mkipata chuo kikuu chenye mashine. Kwenye mchanga mkavu, antena ya megahezi 400 hivi ikipitishwa kwa mistari ya nusu mita huonyesha kingo za shimo hadi mita moja na nusu. Karibu na ufuo, palipo na maji ya chumvi, mawimbi hufa na picha huwa giza; msitumie pesa zenu huko. Kifaa cha kutafutia vyuma msikiingize kabisa. Hakitambui kaburi, na kijiji kizima kitasikia kwamba kuna dhahabu.

Mifupa ikionekana

Hutokea: mmomonyoko, jembe, msingi wa choo. Simamisheni kazi, wekeni kamba umbali wa mita 10, msioshe, msikusanye, msipige picha za kutuma kwenye simu. Funikeni kwa kitambaa cheupe kisafi cha pamba na udongo mwepesi wa pale pale. Plastiki hufungia unyevu na kuozesha. Piga simu polisi kwanza, kwa kuwa hakuna ajuaye bado kama ni mfupa wa miaka 150 au wa mwaka jana, kisha Makumbusho, imamu na wazee. Kuzika upya ni uamuzi wa kamati na wanaodai undugu. Mtaalamu wa mifupa aje kama wao wameridhia.

Kuifikisha ramani ofisi ya ardhi

Mkishamaliza, ongezeni mita 5 hadi 10 nje ya kaburi la mwisho la daraja A au B, na hapo ndipo mpaka unaopendekezwa. Mwiteni sorovea mwenye leseni auweke kwenye ramani kwa bikoni, yaani alama za mpaka. Ramani yenu ya miraba haikubaliki kisheria bila yeye, ila inampunguzia kazi na gharama. Nakala ziende kwa idara ya mipango ya kaunti ya Kilifi, Makumbusho, chifu, mwenye shamba na kamati, kila mmoja atie sahihi ya kupokea na tarehe. Anayetaka ulinzi mkubwa zaidi aombe eneo litangazwe kwenye Gazeti rasmi la Serikali chini ya sheria ya 2006. Kuna muda wa pingamizi, basi mshirikisheni mwenye shamba mapema asije kusoma habari za ardhi yake gazetini.

Ua wa miti hai ni bora kuliko waya, ambao huibiwa. Ukae nje ya bikoni, mbali na makaburi, kwa sababu ya mizizi. Kibao kisiandikwe "makaburi ya watumwa" mpaka familia zikubaliane kwa sauti moja. Mahali pengi wamependelea "maziara ya wazee" na jina la shamba. Namba kamili za GPS zibaki kwa kamati na Makumbusho.

Kila mwaka masika yakiisha, wawili wa kamati wapite na fomu zile zile, waangalie bonde gani limezama zaidi, bikoni gani imeng'olewa, njia gani mpya ya ng'ombe imepita, na wapeleke nakala kwa chifu ndani ya wiki hiyo.